Kusubu risasi nyumbani bila kuivuta: mwongozo kamili wa kupitisha hewa karakanani

Ukitaka kujua kwa nini feni uliyoiweka dirishani haikukingi, washa mshumaa. Nyoosha mkono, upulize mshumaa huo ukiwa umbali wa mkono wako: utazimika. Uwashe tena, sasa ujaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi badala ya kupuliza. Itakubidi usogee mpaka mwali ukaribie kukuunguza midomo, na hata hapo utatikisika tu. Hewa inayopulizwa huenda mbali ikiwa imeshikana. Hewa inayonyonywa hutoka pande zote kwa pamoja, na nguvu yake hufa sentimita chache tu mbele ya mdomo wa bomba. Kupitisha hewa kwenye karakana ya kusubu risasi kumejengwa juu ya jambo hilo moja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeyeyusha risasi kwa kiasi kidogo nyumbani na kuimimina kwenye kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo, awe anasubu chubwi za mishipi, uzito wa mkanda wa kuzamia, au risasi zenyewe za bunduki ya kulengea shabaha. Madini ni yaleyale na sumu ni ileile. Nitakapoandika «risasi» humu nina maana ya madini, hata pale ambapo kinachotoka kwenye kalibu ni cha bunduki.

Kwanza ujue unachotaka kukitoa

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, lakini haichemki mpaka ifike nyuzi 1749. Kazi ya kusubu hufanyika kati ya nyuzi 350 na 420 hivi, kulingana na mchanganyiko. Kwenye joto hilo risasi yenyewe hutoa mvuke kidogo mno, na hapo ndipo wengi huridhika na kusema moshi wa risasi ni hadithi. Hesabu yao ya mvuke ni sahihi, lakini kuna mambo mawili hawajayahesabu.

La kwanza ni taka zinazoelea juu. Risasi iliyoyeyuka inapogusana na hewa hufanya utando, na utando huo ukikorogwa na kuondolewa hugeuka unga mwepesi wa kijivu na manjano. Huo unga ni oksidi ya risasi. Ukiuchota kwa kijiko na kuumwaga kwenye kopo, sehemu yake hupanda na hewa ya moto inayotoka chunguni, na hewa hiyo inapanda moja kwa moja kuelekea usoni mwa aliyeinama. Kwa mtu anayesubu nyumbani, vumbi hili ni hatari kubwa kuliko mvuke.

La pili ni moshi wa kusafishia. Ukitia nta, vumbi la mbao au ulimbo ili kurudisha bati (madini laini yanayochanganywa na risasi) ndani ya risasi na kuinua uchafu, unapata moshi mzito unaochoma macho, na moshi huo hubeba chembe za oksidi. Halafu kuna joto lililopita kiasi: chungu kikisahauliwa kikapita nyuzi 480 hivi, ukungu wa oksidi huanza kuongezeka kwa kasi. Hauna harufu na mara nyingi hauonekani.

Sasa kiasi. Nchini Marekani, kikomo cha kisheria cha risasi katika hewa ya mahali pa kazi ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, ikiwa ni wastani wa saa 8. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.5. Ni mita 30 za ujazo. Mikrogramu 50 mara 30 ni 1500, yaani miligramu moja na nusu. Unga wa oksidi ulioshikwa na ncha ya kisu unazidi hapo, na kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu wazima walioajiriwa, wanaopimwa damu. Kwa watoto hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe mtu akifikisha mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Marekani tangu 2021 hutumia 3.5 kama alama ya kuwatambua watoto waliopata risasi kuliko wenzao. Iliyoingia kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa kama mwezi mmoja, lakini iliyojificha mifupani hukaa miaka mingi.

Kabla ya kujenga, fikiria nje

Kama una banda lisilo na kuta, lenye paa lisilovuja, subu huko, na sehemu kubwa ya mwongozo huu hutaihitaji. Simama upepo ukikupitia ubavuni. Wengi huupa upepo mgongo, wakiamini unaupeleka moshi mbele. Lakini mwili ni kama nguzo kwenye mkondo wa maji. Mbele yake, pale usoni na kifuani, hewa huzunguka na kurudi nyuma, na huvuta moshi pamoja nayo. Ukisimama ubavu, moshi hupita.

Jiko la gesi au la mkaa litumike nje tu, kwa kuwa pamoja na risasi litakuletea kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Ndani tumia chungu cha umeme chenye kidhibiti joto. Jikoni usisubu kamwe, wala chumbani, wala kwenye chumba chochote ambacho mtoto hutambaa, hata kama «leo ni mara moja tu». Vumbi halifuati ratiba yako.

Namna tatu za kunyonya, na ile ya kuchagua

Ya kwanza ni mdomo wa bomba uliowekwa karibu na chungu, kama mkono unaopinda. Ya pili ni mwavuli wa bati unaoning'inia juu, kama ule wa juu ya jiko la kupikia. Ya tatu ni kibanda: sanduku lililozibwa pande zote isipokuwa mbele, chungu kikiwa ndani yake na mikono yako ikiingia kupitia uwazi wa mbele.

Tuanze na bomba. Kwenye umbali sawa na kipenyo chake mbele ya mdomo wa bomba linalonyonya, kasi ya hewa imebaki kama sehemu moja ya kumi tu. Bomba la sentimita 15 likiwa sentimita 15 kutoka chunguni linahitaji kunyonya mita za ujazo 440 hivi kwa saa ili hewa ya chunguni isogee kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, kasi ambayo kwa kawaida inatosha kuukamata moshi. Ukilisogeza hadi sentimita 30, mahitaji yanaruka hadi 1650. Umbali umeongezeka mara mbili, kazi ya feni imeongezeka karibu mara nne. Na kwa kawaida bomba husogezwa, kwa sababu linazuia kalibu, au linapoza uso wa risasi, au mkono umeligonga.

Mwavuli una kasoro mbaya zaidi: ili moshi ufike kwake, lazima upite mbele ya pua yako. Tena ni mlafi. Mwavuli wa sentimita 60 kwa 60 ulioinuliwa sentimita 60 juu ya chungu unahitaji mita za ujazo 1800 kwa saa hata ukiridhika na kasi ya robo mita kwa sekunde, na mtu akifungua mlango tu, mkondo wake unapeperuka.

Kibanda kinashinda bila ubishi. Kuta zake zinafanya kazi ambayo feni ingefanya, na hewa haina pa kupita isipokuwa kwenye uwazi ulio kati yako na chungu, ikielekea mbali nawe. Ukiweza kujenga kitu kimoja tu, jenga hiki.

Kujenga kibanda

Vipimo vinavyonifaa mimi ni upana wa sentimita 60, kina 50, urefu 70. Chukua chungu chako, kalibu, upawa na kopo la taka, uvipange sakafuni, uchore mstari kuvizunguka. Kama mstari huo haukai ndani ya 60 kwa 50, ongeza. Vyote hivyo vinne lazima vikae ndani, kwa kuwa kukata kichwa cha kilichosubiwa na kuchota taka ni kazi chafu kuliko hata kumimina.

Tumia bati la chuma lililofungwa kwenye fremu ya vyuma vya pembe. Mbao usiweke mahali ambapo risasi ya moto inaweza kurukia. Sakafu ya kibanda iwe trei ya chuma yenye ukingo wa sentimita 3 pande zote, kubwa ya kutosha kupokea risasi yote ya chunguni siku chungu kitakapovuja, na chini yake uweke ubao wa saruji. Mbele, acha uwazi wa sentimita 60 kwa 40, ukianzia usawa wa trei. Sehemu ya juu ya mbele, ile sentimita 30 iliyobaki, izibe kwa kioo kilichoimarishwa kwa joto, kiinamishwe kidogo, ili uone kazi huku uso wako ukiwa upande wa pili. Kioo hiki kitakukinga pia siku tone la risasi litakaporuka.

Ndani, sentimita 5 mbele ya ukuta wa nyuma, funga bati la pili. Acha mwanya wa sentimita 3 chini yake na mwingine kama huo juu. Bomba la kutolea litoke nyuma ya bati hili. Bila bati hilo feni hunyonya kutoka juu tu, na vumbi linalotambaa kwenye trei hubaki palepale. Likiwepo, hewa hugawanyika na uwazi mzima wa mbele hupumua kwa usawa. Ni kazi ya nusu saa na huwezi kuijutia.

Sasa jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili: bomba lisipande wima moja kwa moja juu ya chungu. Hewa yenye unyevu ikikutana na bomba la baridi huacha matone, mvua nayo ina njia zake za kuingia, na tone moja likianguka kwenye risasi iliyoyeyuka, maji yale hugeuka mvuke unaotaka nafasi mara 1700 ya ile ya mwanzo, papo hapo. Risasi yote ya chunguni inaweza kurushwa usoni mwako. Toa bomba nyuma ya kibanda, kwenye kona ya juu, nyuma ya lile bati la pili, ili hata likidondosha, lidondoshee mahali pasipo na chungu. Mimi niligundua bomba langu lilikuwa likidondosha asubuhi moja ya baridi, nilipoona alama tatu za mviringo kwenye vumbi la trei, kila moja na ukingo wake mdogo kama tundu la mvua mchangani. Chungu kilikuwa hakijawashwa. Siku hiyohiyo nilihamisha bomba.

Taa iweke nje, ikimulika kupitia kioo. Swichi ya feni na ya chungu ziwe nje pia, na ukiweza, ziunganishe ili chungu kisiweze kuwaka feni ikiwa imezimwa.

Feni na bomba lake

Hesabu ni fupi. Eneo la uwazi wa mbele, zidisha kwa kasi unayoitaka. Uwazi wa mita 0.6 kwa 0.4 ni mita za mraba 0.24, mara kasi ya mita 0.5 kwa sekunde ni mita za ujazo 0.12 kwa sekunde, sawa na 432 kwa saa. Kama kibanda chako kina vipimo vingine, badilisha tarakimu mbili za kwanza tu.

Namba iliyoandikwa kwenye kasha la feni hupimwa feni ikipuliza hewa huru, bila bomba, bila kona. Ukishaifungia bomba inapungua, mara nyingine hadi nusu. Kwa hiyo anayehitaji 432 atafute feni iliyoandikwa 700 hadi 800, ya aina ya bloa (feni ya kusukuma hewa kwa nguvu) au ile ya kufungwa katikati ya bomba, yenye nguvu ya kusukuma dhidi ya ukinzani. Feni ya panga ya dirishani hukata tamaa mara tu inapowekewa bomba. Ile ndogo ya bafuni, ya mita za ujazo 100 hivi kwa saa, haifikii hata robo ya kinachotakiwa.

Kipenyo cha bomba kina mvutano wake. Bomba jembamba hufanya hewa iende mbio na kubeba vumbi hadi nje, lakini humchosha feni. Pana humpumzisha feni, lakini hewa ikienda polepole vumbi hutua njiani, na ukawa na ghala la oksidi ya risasi ndani ya ukuta wako. Kwa mita za ujazo 432 kwa saa, bomba la milimita 125 hutoa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, ambayo ni nzuri kwa ukungu na vumbi laini. La milimita 150 hutoa kama 6.8, ni kimya zaidi, lakini uliwekee mlango mdogo wa kulisafishia.

Tumia bomba la bati lililo laini ndani. Yale ya karatasi ya alumini yanayojikunja hukwamisha hewa kwenye kila mkunjo na kuhifadhi vumbi humohumo. Kama huna budi, yawe mafupi kabisa na yanyooshwe. Kila kona ya nyuzi 90 ihesabu kama umeongeza mita mbili hivi za bomba. Ziba maungio kwa utepe wa alumini, usitegemee gundi ya plastiki karibu na joto.

Feni ikae mwisho wa bomba, upande wa nje wa nyumba au karibu nao kadiri iwezekanavyo. Sababu ni hii: sehemu ya bomba iliyo kabla ya feni inanyonywa, kwa hiyo penye ufa hewa ya chumba huingia bombani. Sehemu iliyo baada ya feni inasukumwa, na penye ufa uchafu hutoka. Feni ikikaa kibandani, bomba lako lote ndani ya nyumba ni lile linalosukumwa.

Hewa inayoingia

Karakana iliyofungwa kila upande haitoi hewa hata ukiweka feni ya kiwandani, kwa sababu kila mita ya ujazo inayotoka lazima nyingine iingie. Dalili yake ni mlango mgumu kufungua au filimbi kwenye tundu la funguo. Acha uwazi wa angalau mita za mraba 0.12, sawa na sentimita 30 kwa 40, ili hewa iingie taratibu. Uwe unatoka nje, si sebuleni, na uwe ubavuni mwa kibanda au mbali mbele yake, kamwe usitazamane nacho kwa karibu. Upepo unaopuliza mbele ya kibanda kwa kasi kuliko ile nusu mita kwa sekunde unaushinda mnyonyo wako. Kwa sababu hiyohiyo zima feni ya dari, ya mezani na kiyoyozi unaposubu.

Kama karakana imeungana na nyumba, faida yako ni kwamba feni ikifanya kazi, hewa inatoka nyumbani kwenda karakanani, si kinyume. Lakini funga mlango huo na uweke ukanda wa mpira chini yake. Na kama kuna kipasha maji cha gesi au jiko lolote linalotegemea bomba lake la moshi kwenye chumba hicho au cha jirani, usiwashe feni mpaka uhakikishe hewa ya kuingia inatosha, kwa sababu mnyonyo wako unaweza kurudisha kaboni monoksaidi ndani.

Mahali pa kutolea

Juu ya paa ndipo pazuri. Ukitoa ukutani, iwe angalau mita 3 kutoka dirisha, mlango au tundu lolote la hewa, lako au la jirani. Usitolee juu ya bustani ya mboga, mahali watoto wanapochezea udongo, au juu ya paa linalokinga maji ya mvua ya kunywa. Chembe zitakazotoka ni chache, lakini zitakuwa zinatua mahali palepale mwaka baada ya mwaka. Kofia bapa ya kuzuia mvua hurudisha hewa chini, kwa hiyo ni bora bomba linaloelekea juu, lililozungukwa na jingine pana kidogo la kupokea maji na kuyamwaga pembeni. Lile la ukutani liinamishwe kuelekea nje.

Kuhusu vichujio: kichujio cha mkaa usikitegemee kukamata risasi, kazi yake ni gesi na harufu. Cha HEPA kinakamata chembe, na ukitaka kukiweka kabla ya feni ili jirani apate hewa safi, ni jambo jema, ila ujue feni itahitaji nguvu zaidi na kichujio kikishatumika kinatupwa kama taka ya sumu. Kifaa cha kuchuja hewa na kuirudisha chumbani sikishauri mtu akitegemee. Siku kichujio kitakapopasuka hakuna harufu itakayokuambia.

Jaribio la udi

Kabla chungu hakijaguswa na risasi, washa kijiti cha udi. Washa feni, simama mahali utakaposimama siku ya kazi, upitishe kijiti polepole kwenye ukingo wote wa uwazi: kona nne, katikati, kisha sentimita 10 ndani, kisha mahali kalibu itakapokaa. Uzi wa moshi unapaswa kujikunja kuelekea ndani papo hapo na kupotea nyuma ya bati.

Angalia pembe za chini kwa makini. Huko ndiko nilikoona moshi wangu ukiingia vizuri kama kiganja kimoja, ukasita, ukajiviringisha kama mkia wa mjusi, kisha ukatambaa kwenye ukingo wa trei kurudi kwangu. Mwanya wa chini wa bati la nyuma ulikuwa umezibwa na mche wa risasi (kipande kirefu kisichoyeyushwa bado) nilioupanga pale. Niliuondoa, moshi ukanyooka.

Sasa fanya vituko makusudi. Mwambie mtu apite nyuma yako. Fungua mlango. Toa mikono haraka, kwa namna unavyoitoa kalibu ikiwa moto. Kama moshi unatoka kwenye mojawapo ya hayo, ama punguza uwazi wa mbele kwa kipande cha bati, ama ongeza nguvu ya feni, ama ondoa chanzo cha upepo. Rudia jaribio chungu kikiwa cha moto, kwa kuwa joto hubadilisha njia ya hewa. Ukiwa na anemomita, kifaa cha kupimia kasi ya hewa, pima sehemu tisa za uwazi. Wastani uwe nusu mita kwa sekunde na pasiwe na sehemu iliyo chini ya 0.4. Pitisha udi pia kwenye mwanya wa mlango wa nyumba: moshi uingie karakanani.

Siku ya kusubu

Feni iwake dakika 10 kabla ya chungu, na isizimwe mpaka risasi iliyobaki imeganda kabisa na vumbi limefutwa. Miche ya kuyeyushia iwe mikavu; iliyolala mahali pa baridi hushika unyevu, kwa hiyo ipashe joto kwenye ukingo wa chungu kwanza. Weka kipimajoto ndani ya risasi. Usipandishe joto kwa sababu kalibu haijai vizuri. Mara nyingi kalibu ndiyo ya baridi.

Taka za juu zichotwe taratibu, kijiko kikiteremshwa hadi ndani ya kopo badala ya kumwaga kutoka juu, na kopo liwe na mfuniko na likae ndani ya kibanda. Kwa hatua hiyo mimi huvaa barakoa ya nusu uso yenye vichujio vya P100, daraja la juu la kunasa chembe, hata kama kibanda kinafanya kazi vizuri. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi ya hospitali haitoshi.

Risasi ya betri za gari usiiyeyushe nyumbani, hata kwa kibanda kizuri namna gani. Ina asidi, na taka zake zikikutana na unyevu zinaweza kutoa gesi za arseniki na antimoni, ambazo huua kwa kiasi kidogo. Risasi iliyopakwa rangi au yenye mafuta iache pia.

Kile ambacho feni haikitoi

Anayesubu nyumbani mara nyingi hupata risasi kwa kinywa: mkono, kisha mdomo. Hewa ikiwa safi kabisa na mkono ukiwa na vumbi, umefanya nusu ya kazi. Chakula, maji na sigara visiingie karakanani. Usifagie wala kupuliza kwa kompresa; futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni ukiwa umezima chungu na kimepoa, kitambaa kiende kwenye mfuko uliofungwa. Kifyonza vumbi cha kawaida hutawanya unga laini kupitia mgongo wake, kwa hiyo kiwe cha HEPA au kisitumike. Nguo na viatu vya kusubia vibaki hukohuko na nguo zifuliwe peke yake. Osha mikono na uso kwa sabuni, na kucha kwa brashi, kabla hujamshika mtoto. Watoto na mama mjamzito wasiingie kabisa, hata siku ambayo husubu.

Kila baada ya miezi michache fungua mlango wa kusafishia bomba, umevaa barakoa, uone kilichotua. Futa mapanga ya feni kwa kitambaa chenye maji, umeme ukiwa umekatwa, kwa sababu mapanga yaliyojaa vumbi hunyonya kidogo kuliko siku uliyoyafunga.

Pima damu kabla hujaanza kusubu, ili uwe na namba yako ya mwanzo, kisha baada ya miezi miwili au mitatu, kisha angalau kila mwaka. Mwambie daktari waziwazi unafanya kazi gani. Namba ikipanda, simamisha kazi na uanze na udi kwenye uwazi wa kibanda, kisha mikono, kisha viatu. Kijiti changu cha udi kinaning'inia kwenye msumari kando ya swichi ya feni, na kiberiti chake kimefungwa hapohapo kwa uzi.